Core i7 ya laki tatu na nusu, au i5 ya kizazi cha nane?

SWALI: "Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Muheza. Nimejikusanyia laki saba na nusu za kununua kompyuta ya mezani ya nyumbani. Nataka nitungie mitihani na kuandaa matokeo kwenye Excel. Watoto wangu watatu wajisomee, mkubwa yuko kidato cha tatu. Baba yao aweke hesabu za mradi wake wa kuku, na jioni tuangalie filamu. Jumamosi nilizunguka maduka ya Tanga mjini. Duka la kwanza wana Dell OptiPlex 7010, Core i7, RAM GB 8, hadi diski GB 500, pamoja na monita ya inchi 19, laki tatu na nusu. La pili wana HP ProDesk 600 G4, Core i5 kizazi cha nane, RAM GB 8, SSD 256, laki nne na themanini bila monita. Monita ya inchi 22 wanauza laki moja na kumi. La tatu wana ile iliyoungana na kioo chake, mpya kwenye boksi, Celeron N4020, RAM GB 4, hadi diski TB 1, laki saba na nusu kamili. UPS ya 650VA, kile kifaa chenye betri cha kushika kompyuta umeme ukikatika, nimeiona kwa laki moja na thelathini. Mdogo wangu anasema niachane na yote hayo ninunue laptop. Nichukue ipi?"

JIBU: Mwalimu, nashukuru umeandika modeli na namba zake. Wengi huniambia tu "fundi, nitafutie kompyuta nzuri ya bei poa", nabaki kubahatisha. Wewe umenipa kitu cha kushika. Nakushauri uende duka la pili, uchukue ile ProDesk 600 G4 na monita yao ya inchi 22, kisha ile UPS. Jumla ni laki saba na ishirini elfu. Inabaki elfu thelathini, nayo nimeshaipangia kazi. Ila usitoe hela kabla hujaikagua pale pale dukani ikiwa inawaka. Mashine iliyotumika ofisini kwa miaka ina historia yake, na mara nyingi hata muuzaji haijui.

Nianze na i7, maana najua ndiyo inayokuvuta. i7 laki tatu na nusu pamoja na monita, i5 laki nne na themanini bila monita. Nani asiyeona kwamba saba ni kubwa kuliko tano? Neno hilo moja limeuzia watu mashine zilizochoka, na linaniuma kwa sababu wanaouziwa ni watu waliojinyima kama wewe. i3, i5 na i7 ni majina ya prosesa za Intel, yaani ubongo wa kompyuta, nayo ni nafasi ndani ya kizazi kimoja tu. Wewe ni mwalimu, utanielewa haraka. Chukua mwanafunzi aliyeshika namba moja kidato cha kwanza, na mwingine aliyekuwa wa kumi kidato cha nne, uwape wote wawili mtihani wa hesabu wa kidato cha nne. Yule wa kumi atamwacha mbali.

Kizazi kimeandikwa kwenye jina kamili la prosesa. OptiPlex 7010 za Core i7 mara nyingi huwa na i7-3770. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 3, ndiyo kizazi. ProDesk 600 G4 za i5 nyingi zina i5-8500, kizazi cha nane. Ukikuta tarakimu tano, kama i5-12400, soma mbili za mwanzo: kizazi cha 12. Hiyo i7-3770 ilitoka mwaka 2012 ikiwa na viini vinne, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. I5-8500 ilitoka 2018 na ina viini sita. Hata i3 ya kizazi cha nane, i3-8100, ina viini vinne kamili.

Hapo kwenye OptiPlex kuna mtego mwingine. Mwaka 2023 Dell walilirudia jina la OptiPlex 7010 kwa mashine mpya kabisa ya kizazi cha 13. Ukisimama dukani ukatafuta jina hilo kwenye simu, unaweza kuletewa sifa za ile ya 2023 ukadhani umeokota dodo chini ya mnazi. Kwa laki tatu na nusu, hiyo uliyoonyeshwa ni ya 2012. RAM yake, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine ikiwa kazini, ni DDR3, aina ya zamani ambayo huwezi kuihamishia kwenye mashine mpya zaidi siku ukibadilisha.

Na stika ya mbele usiiamini hata kidogo. Mwaka juzi baba mmoja aliniletea mashine aliyomnunulia binti yake aliyekuwa anaingia chuo. Mbele ina stika safi ya Core i7, yeye analalamika inachukua dakika nzima kufungua barua ya Word. Nilifungua ubavu, nikang'oa feni ya prosesa. Grisi ya kupoozea ilikuwa imekauka kama unga wa chaki. Nikaifuta kwa kitambaa, na kwenye kifuniko cha chuma cha prosesa yakatokea maandishi: i3-2100. Kizazi cha pili, viini viwili. Yule baba aliyatazama yale maandishi kwa muda mrefu bila kusema kitu. Stika mtu yeyote anaweza kuibandika. Kilichochongwa kwenye chuma ni vigumu kukidanganyia.

Wewe hutafungua mashine ya watu dukani, na huna haja. Ikiwa imewaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Inafunguka Task Manager. Nenda sehemu ya Performance. Bofya CPU, utaona jina kamili la prosesa juu kulia. Bofya Memory uone kiasi cha RAM na nafasi ngapi zimetumika. RAM ya GB 8 ikiwa imekaa kwenye nafasi moja ni nzuri kwako, maana siku ukitaka kuongeza unachomeka kipande kingine bila kutoa cha kwanza. Bofya Disk, itakuambia yenyewe kama ni SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, au HDD, ile hadi diski ya zamani. SSD ya 256 itasomeka kama GB 238. Usigombane na muuzaji, ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu. Ikisomeka 111 au 112, hapo gombana, maana ni SSD ya 120.

Suala la diski ndilo ningependa ulielewe kuliko yote, kwa sababu ndilo utakaloliona kwa macho kila siku. Hadi diski ya zamani ni sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kijimkono kinachohamahama kutafuta faili. Kila kinapohama, hupoteza kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Unaweza kusema ni kitu gani hicho. Lakini Windows inapowaka husoma maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, na vyote vinasubiri kijimkono hicho kimoja. Ndiyo maana unabonyeza swichi, unaenda kubandika chai, unarudi kile kiduara bado kinazunguka. SSD haina sahani wala kijimkono. Inasoma kwa umeme mtupu. Mashine ile ile uliyoizoea kuisubiri dakika tatu itawaka kwa sekunde ishirini hivi. Katika miaka yangu ya ufundi sijaona kitu kingine cha bei ndogo kinachobadilisha kompyuta namna hiyo.

Kwa hiyo i7 ya duka la kwanza ina mikosi miwili: kizazi kikongwe na diski ya kuzunguka. Mkosi wa pili unatibika kwa kununua SSD. Wa kwanza hautibiki, na unaleta wa tatu, nao ni Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa sehemu kubwa, kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. OptiPlex ya 2012 haina hata kimoja kati ya hivyo viwili. Muuzaji atakuonyesha ina Windows 11 na inafanya kazi, na hakudanganyi: kuna njia za kuipachika kwa nguvu. Ila Microsoft hawatoi uhakika kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na wewe utaweka humo matokeo ya wanafunzi na hesabu za nyumba.

Ningekuwa najibu mtu mwenye laki nne tu, ningemwambia aichukue hiyo OptiPlex, ashushe bei, atoe ile hadi diski aweke SSD, na aweke Linux Mint badala ya Windows. Ni mfumo wa bure, unasasishwa, na kwenye i7-3770 unakwenda vizuri. Wewe una laki saba na nusu, na unategemea Excel kazini. Huna sababu ya kujifunga huko.

Ya duka la tatu inavutia, nakubali. Mpya, safi, waya mmoja tu, na ina waranti ya kiwandani. Lakini Celeron N4020 ni prosesa ya viini viwili iliyotengenezwa kwa ajili ya laptop ndogo za bei ya chini. Windows 11 inaikubali, kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana sawa. Ukiunganisha na RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, utaona upya wake kwa wiki mbili. Fungua Chrome yenye kurasa kumi, Excel ya matokeo ya kidato kizima, na mtoto awe ameacha video inacheza nyuma yake. GB 4 zimekwisha, mashine inaanza kutumia ile diski ya kuzunguka kama RAM, na kila kitu kinasimama. Halafu kioo na mashine ni kitu kimoja. Mtoto akipasua kioo, vyote vimekwenda kwa fundi. Kwa bei hiyo hiyo nzima, ambayo haikuachii hata senti ya UPS, siwezi kukushauri uichukue.

Sasa turudi kwenye ProDesk na ukaguzi wake. Mashine hizi zilinunuliwa mpya na makampuni, mabenki na mashule ya ng'ambo, zikatumika miaka kadhaa, zikauzwa kwa jumla. Uzuri wake ni kwamba ziliundwa kukaa zikiwaka kutwa nzima, tofauti na zile za bei rahisi za nyumbani. Ubaya ni kwamba nyingine zinafika huku zikiwa bado zimefungwa na mwenye nazo wa zamani.

Ukifika dukani, waombe waizime kabisa kisha waiwashe mbele yako. Hapo inapoanza tu kuwaka, gonga F10 mara kadhaa. Kwenye HP hiyo ndiyo inakuingiza kwenye mipangilio ya ndani, inayoitwa BIOS. Kwenye Dell ni F2. Ikikudai nenosiri la msimamizi, iache hapo hapo. Muuzaji atasema "hiyo haina shida, inatumika tu", lakini siku Windows ikiharibika na unataka kuwasha kwa flashi ili uiweke upya, unaweza kukwama, na kwenye HP za kiofisi kulifuta nenosiri hilo si kazi ya fundi wa kawaida.

Kufuli la pili ni la kisasa zaidi na wengi hawalijui. Kampuni inaweza kuwa iliisajili mashine kwa Microsoft kama mali yake. Itafanya kazi vizuri dukani. Siku utakapoweka Windows upya na kuunganisha intaneti, kioo kinakuletea jina la kampuni ya watu huko ng'ambo na kukutaka uingie kwa barua pepe ya kazini kwao. Njia ya kujikinga ni kumwomba muuzaji akuandikie kwenye risiti kwamba likitokea hilo atakubadilishia mashine. Akisita kuandika, umeshapata jibu.

Angalia pia saa ya kompyuta. Ukikuta inasema ni mwaka mwingine kabisa, mara nyingi betri ndogo ya ndani, ile bapa ya CR2032 kama sarafu, imekwisha. Si ugonjwa, ni kitu cha bei ndogo. Itumie kupunguza bei. Nenda na flashi yako uichomeke kwenye kila tundu la USB, mbele na nyuma. Mwombe acheze video kwa dakika ishirini huku mkizungumza mengine. Feni ikipiga kelele kama jenereta kwa video tu, ujue vumbi limejaa au ile grisi imekauka. Asafishe na kupaka mpya kabla hujabeba. Weka mkono nyuma inapotoka hewa: vuguvugu ni sawa, ya kuunguza si sawa.

Kisha soma maandishi ya pawa saplai kwa nyuma. Zinazofaa kwetu zimeandikwa 100 hadi 240V, zinajipanga zenyewe. Mashine nyingine za zamani, hasa zilizotoka Marekani, zina kiswichi kidogo chekundu cha kuchagua 115 au 230. Umeme wetu ni 230. Nilipokuwa bado najifunza kazi nilichomeka moja ikiwa imekaa kwenye 115. Kilitoka kishindo kama cha baruti, chumba kikajaa harufu ya kuungua, na mashine ya mteja ikawa imekufa mikononi mwangu. Tangu siku hiyo sichomeki kitu bila kusoma nyuma. ProDesk yako haitarajiwi kuwa na kiswichi hicho, lakini soma hata hivyo.

Jambo moja la kukubali mapema: ProDesk hizi fupi nyembamba zina pawa saplai ya umbo lake, haifanani na zile za kawaida zilizojaa madukani. Ikifa, itabidi itafutwe ya modeli hiyo. HP ni nyingi nchini, kwa hiyo haikosekani, ila usije ukashangaa fundi akikuambia subiri itoke Dar. Ndiyo sababu nyingine ya kuithamini UPS.

Kwenye monita, inchi 22 ni saizi nzuri kwa mtu anayetunga mitihani. Unaona ukurasa mzima bila kubana macho. Hakikisha inafikia 1920 kwa 1080. Iwashe ikiwa na ukurasa mweupe mtupu, tafuta madoa na mistari, kisha ukurasa mweusi. Halafu linganisha matundu ya waya wa picha. Mashine za ofisi za HP hutegemea sana DisplayPort, na monita ya mtumba inaweza kuwa na VGA au HDMI pekee. Usiondoke mpaka umeona mashine yako ikiwaka kwenye monita yako kwa waya utakaoubeba. Nimeona watu wakifika nyumbani jioni na vitu vyote viwili vizima lakini waya hauingii. Waya huo uwe ndani ya bei.

UPS usiikate hata ukishawishika. Kinachoua kompyuta za mezani huku kwetu mara nyingi ni ule wakati umeme unaporudi: taa zinang'aa kupita kiasi, zinafifia, zinang'aa tena. Hapo ndipo pawa saplai zinapokufa. UPS ya 650VA ina betri ndogo ya volti 12. Ikiwa nzima itakupa kama robo saa, muda wa kuhifadhi mtihani na kuzima kwa utaratibu. Si ya kumalizia filamu. Usichomeke printa ya leza humo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri huchoka baada ya miaka miwili mpaka minne, na inabadilishwa yenyewe bila kununua UPS nzima, fundi asikudanganye. Dukani, ijaribu hivi: kompyuta ikiwa inawaka kupitia UPS, chomoa waya wa UPS ukutani. Kompyuta ikizimika papo hapo, betri imekufa. Na masika radi zinaposhuka kutoka Usambara, chomoa kila kitu ukutani, kwa sababu UPS ya bei hiyo haihimili radi.

Kuhusu LUKU usiogope. ProDesk ya namna hiyo kwa kazi za kawaida, pamoja na monita, huvuta kama wati 60. Saa nne kila siku kwa mwezi ni uniti saba na kidogo. Pasi ya wati 1,000 inamaliza uniti moja kwa saa moja. Kompyuta hiyo inakwenda saa kumi na sita kwa uniti hiyo hiyo. Lakini kama mita yako iko kwenye ile tarifa ya matumizi madogo isiyovuka uniti 75 kwa mwezi, angalia mko ngapi sasa kabla hizo saba hazijaongezeka. Mkiwa 70, tafuteni pa kupunguza.

Mdogo wako hajakosea kabisa. Laptop ina betri yake, na unaweza kwenda nayo shuleni. Kama kazi yako ya matokeo huimalizia ofisini kila wiki, hoja yake ina uzito, nami ningekutafutia laptop ya mtumba ya kizazi cha nane vile vile. Ila umeandika "ya nyumbani", na nyumba ina watoto watatu. Kibodi ya mezani ikimwagikiwa chai, unanunua nyingine ya bei ya kuku mmoja wa mumeo. Ya laptop ikimwagikiwa, chai imeingia kwenye ubao wenyewe. Kioo kiko juu, mgongo umenyooka, na mtoto hawezi kujifungia nayo chumbani. Iweke sebuleni, kioo kikitazama mahali watu wanapopita.

Sasa ile elfu thelathini. ProDesk nyingi za aina hii hazina Wi-Fi ndani. Usikimbilie kununua kifaa cha Wi-Fi siku ya kwanza; chomeka simu yako kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB, kompyuta inapata mtandao hapo hapo na simu inachajiwa. Hela hiyo nunua flashi mbili za chapa inayojulikana, za GB 32, si zile za "TB 2" zinazouzwa bei ya karanga; hizo ni za uongo, zinapokea mafaili kisha zinayapoteza. Matokeo ya wanafunzi yakae kwenye kompyuta, kwenye flashi ya kwanza, na kwenye ya pili ambayo inakaa shuleni au kwa dada yako. Mwizi akija ataondoka na kompyuta na flashi iliyo juu yake pamoja.

Windows usikubali iliyoamshwa kwa programu za kuvunja leseni. Mara nyingi ndani yake kuna virusi. Mashine za ofisi kwa kawaida zimekuja na leseni ya Windows Pro iliyofichwa ndani ya BIOS yenyewe, kwa hiyo Windows ikiwekwa upya kwa njia safi na kupata intaneti hujitambua. Angalia kwenye Settings, System, kisha Activation. Kwa kuandika na hesabu, anza na LibreOffice, ni ya bure na inafungua mafaili ya Excel. Jaribu faili la matokeo linalotumwa na ofisi yenu. Kama fomula zake ni nzito na zinahama, fungua hilo moja kwenye Excel ya mtandaoni, ambayo ni bure kwa akaunti ya Microsoft.

Kwa watoto, tafuta programu ya Kiwix. Ukienda mahali penye mtandao wa bure, pakua Wikipedia ya Kiswahili nzima, na ya Kiingereza iliyofupishwa kwa ajili ya huyo wa kidato cha tatu. Baada ya hapo wanasoma bila bando. Vitabu vya kiada viko Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Fungulia kila mtoto akaunti yake, na yako iwe na nenosiri wasilolijua, hasa wiki za kutunga mitihani.

Boksi lenyewe, lile tunaloliita CPU, usiliweke sakafuni. Vumbi lote la kufagia linaingia humo, na hewa yenu ya pwani ina unyevu. Vikikutana vinakuwa tope jembamba linaloshika kwenye mapezi ya feni. Weka juu ya meza, acha upana wa kiganja nyuma yake, na kila baada ya miezi sita lifunguliwe lipulizwe likiwa limechomolewa umeme.

Ukienda Tanga, nenda asubuhi, umeme ukiwepo na duka likiwa halijajaa. Wakikuambia ile uliyoiona imeshauzwa wana nyingine "kama hiyo hiyo", anza upya: Ctrl, Shift, Esc, usome namba baada ya kistari.